Mali bila daftari, kesi bila ushahidi

(Mazungumzo ya redioni ya wiki hii, kama yalivyosomwa)

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, ukitoka mjini Morogoro kwenda Mazimbu, safari ya kilomita chache tu, utafika mahali ambapo zamani palikuwa na shamba la mkonge. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa ndugu zetu wa chama cha ANC cha Afrika Kusini shamba hilo, ili vijana waliokimbia nchi yao baada ya mauaji ya Soweto ya mwaka 1976 wapate mahali pa kuishi na kusoma. Shule waliyoijenga hapo iliitwa Solomon Mahlangu Freedom College, na wengi waliijua kwa kifupi kama SOMAFCO. Tarehe 9 Julai 1992 shule hiyo ilikabidhiwa kwa serikali yetu, na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Wenyeji wale walipokuwa wanafunga virago kurudi kwao, hawakuondoka na nguo na masufuria peke yake. Majalada ya shule, barua, kumbukumbu za mikutano na picha vilikusanywa, vikafungwa, na hatimaye vikahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Fort Hare huko Afrika Kusini. Waliofia hapa ugenini waliachwa katika makaburi ya Mazimbu. Jina la marehemu likiandikwa kaburini, ndugu anayekuja kumtafuta miaka mingi baadaye ana pa kuanzia.

Wakati huohuo, katika nchi hiyohiyo waliyokuwa wanairudia, watu wengine walikuwa wanafanya kazi ya kinyume. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, iliyoundwa baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ilieleza katika ripoti yake kwamba mwaka 1993 makao makuu ya idara ya ujasusi ya serikali ya makaburu yaliteketeza kiasi cha tani 44 za karatasi na filamu za kumbukumbu. Tani 44, ndugu msikilizaji! Hayo ni malori kadhaa yaliyojaa karatasi tupu.

Je, mtu mwenye akili timamu anahangaika na kazi kubwa kiasi hicho kwa sababu gani? Anahangaika kwa sababu anajua kwamba karatasi inaweza kusema siku ambayo yeye angependa kila mtu anyamaze. Waliochoma walijua thamani ya ushahidi. Sisi wananchi wa kawaida, wenye viwanja vyetu, mikataba yetu ya vibarua na madeni yetu madogomadogo, je, tunaijua?

Katika mazungumzo ya leo nataka kusema jambo moja tu. Ushahidi hautengenezwi siku ya kwenda mahakamani. Ushahidi huwekwa siku ile jambo linapotokea, na usipouweka siku hiyo, wakili hodari kuliko wote hapa nchini hawezi kukuumbia mwingine.

Hebu tumtazame kwanza huyo Solomon Mahlangu ambaye jina lake liko pale Mazimbu. Tarehe 13 Juni 1977, kijana huyu na wenzake wawili walikuwa Johannesburg wakiwa na silaha. Katika vurumai iliyotokea mtaa wa Goch, raia wawili waliuawa kwa risasi. Mmoja wa vijana hao alitoroka. Mahlangu na mwenzake, Mondy Motloung, walikamatwa. Kesi ilipofika mahakamani, jaji mwenyewe alikubali kwamba aliyefyatua risasi zile ni Motloung. Lakini Motloung alikuwa amepigwa vibaya sana wakati wa kukamatwa, akaumia ubongo, akaonekana hafai kusimama kizimbani. Akabaki Mahlangu peke yake. Mahakama ikasema kwa kuwa walikuwa na nia moja, kosa la mmoja ni la wote. Alihukumiwa kifo mwaka 1978, akanyongwa tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na umri wa miaka 22.

Nimeyataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, yanatukumbusha kwamba ushahidi peke yake si haki. Palipo na sheria mbaya na dola ya mabavu, ukweli unaweza kujulikana na mtu akanyongwa vilevile. Pili, yanatuonyesha kwamba ushahidi si karatasi na vitu tu. Ushahidi ni mtu pia. Mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake, ukimvunja kichwa, umevunja jalada zima. Na hata asipovunjwa na mtu, shahidi huhama, huzeeka, husahau na hufa.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Sheria yetu ya Ushahidi ni ya mwaka 1967, na imefanyiwa marekebisho mara nyingi. Msingi wake mkubwa hata mtoto anaweza kuuelewa: anayedai ndiye anayethibitisha. Ukisema kiwanja ni chako, wewe ndiye wa kuonyesha. Jamhuri ikisema fulani ameiba, Jamhuri ndiyo ya kuonyesha. Tofauti ni uzito wa mzigo. Katika kesi ya jinai, upande wa mashtaka hauna budi kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya maana. Katika kesi ya madai, hakimu hutazama mizani, aone ni upande gani maelezo yake yanaelekea zaidi kuwa kweli. Kwa hiyo yule anayeingia mahakamani na kusema, "Mheshimiwa, kila mtu mtaani anajua kuwa nyumba ile ni yangu," bado hajaweka kitu chochote kwenye mizani.

Na huyo "kila mtu" ni nani? Sheria inataka shahidi aseme alichokiona kama ni jambo la kuona, na alichokisikia mwenyewe kama ni jambo la kusikia. Maneno ya kuambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa, kwa kawaida hayapokelewi. Jirani mmoja aliyesimama mpakani siku mnapima kiwanja ana thamani kuliko mtaa mzima uliosikia habari kesho yake.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ananunua kiwanja kule Mazimbu, mji unapopanuka. Anamlipa muuzaji fedha taslimu, sehemu leo na sehemu mwezi ujao. Wanaandikiana kwenye karatasi ya daftari. Miaka tisa baadaye muuzaji amefariki, na watoto wake wanasema baba yao alikodisha tu, hakuuza. Mama huyu atasimama na nini?

Kama ni mwangalifu, atasimama na hati ya mauziano iliyo na tarehe, majina kamili, ukubwa wa kiwanja, majirani wa pande zote nne, bei, na kiasi kilicholipwa kila mara. Muuzaji atakuwa ametia saini, na mke au mume wa muuzaji pia kama kiwanja ni cha familia. Mashahidi watakuwa watu wa pande zote mbili, na afadhali mmoja wao awe kijana, kwa sababu mashahidi wote wakiwa wazee, miaka ishirini ikipita utabaki na saini za marehemu. Hati yenyewe itakuwa imelipiwa ushuru wa stempu, maana hati inayopaswa kulipiwa ushuru huo, kama haijalipiwa, inaweza kukataliwa mahakamani mpaka ulipwe. Kesi nyingi zimekwama hapo, si kwa sababu mtu ni mwongo, bali kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Halafu kuna suala la hati halisi na nakala. Mahakama inataka hati yenyewe. Nakala inakubaliwa kwa sababu maalumu, kwa mfano hati halisi imeungua, imepotea, au iko mikononi mwa mpinzani wako naye hataki kuitoa. Kwa hiyo usimpe mtu hati halisi kwa urahisi, awe dalali, awe mkopeshaji, awe shemeji. Toa nakala. Ukilazimika kuitoa ile halisi, mwandikishe aliyeipokea, tarehe na sababu. Ikipotea, katoe taarifa polisi mapema, upate karatasi ya kuonyesha kwamba ilipotea kabla ya ugomvi kuanza.

Namna ya kuitunza nayo ina mambo yake. Sisi watu wa nchi za joto tuna maadui watatu wa karatasi: mchwa, unyevu na mvua inayovuja darini. Weka hati ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kopo au sanduku lenye mfuniko, na sanduku lisikae sakafuni. Usiifunike kwa plastiki ya kubandika kwa moto, kama tunavyofanya kwa vitambulisho. Mtaalamu wa maandishi akitaka kuchunguza wino na saini, plastiki hiyo humfungia njia. Usiandike namba za simu pembeni mwa hati wala kuisahihisha kwa kalamu nyingine. Na zile risiti za mashine tunazopewa dukani, wino wake hufifia, baada ya muda karatasi inabaki nyeupe kabisa. Zitolee nakala mapema, kisha uambatanishe.

Watu wa kale walilijua jambo hili. Wanaosoma Biblia watamkumbuka nabii Yeremia aliyenunua shamba, akapima fedha mbele ya mashahidi, akaagiza hati iwekwe katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Wanaosoma Kurani wanajua kwamba katika Sura ya Ng'ombe waumini wameagizwa kuliandika deni lenye muda, kwa mwandishi mwadilifu na kwa mashahidi. Basi inakuwaje sisi leo tunaona haya kuandikiana?

Naam, haya ndiyo maradhi yenyewe. Kwetu sisi, kumwomba mtu risiti ni kama kumwambia wewe ni mwizi. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa kodi ya nyumba ya miezi sita mkononi kwa mkono, bila karatasi, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mtu mzima niliyekuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi. Miezi mitatu baadaye aliniambia hajaona hata senti. Nilihama usiku nikiwa na godoro kichwani, na haki yangu nikaiacha mle ndani. Sikuweza kwenda popote, kwa sababu ningeulizwa swali moja tu: una nini cha kuonyesha? Tangu siku hiyo nimejifunza kuwa kuandikiana hakuvunji heshima. Kunailinda, kwa sababu kunamwondolea hata mzee wa watu kishawishi cha kusahau.

Siku hizi sehemu kubwa ya maisha yetu imo ndani ya simu. Tunauziana, tunatishana, tunakopeshana na kulipana humo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema ujumbe wa namna hiyo haukataliwi mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini hakimu atataka kujua ulitoka wapi, ulihifadhiwa vipi, na kama kuna aliyeuchezea. Picha ya kioo cha simu peke yake ni dhaifu, kwa sababu kila mtu anajua kuwa picha hutengenezeka. Itunze simu yenyewe. Usifute sehemu ya mazungumzo inayokuumiza na kuacha inayokupendeza. Ukibadilisha simu, usiigawe ile ya zamani kama ina jambo lako. Na malipo ya simu yanaweza kuthibitishwa na kampuni yenyewe kwa taarifa ya miamala, lakini usingoje miaka mingi ndipo ukaiombe.

Tukija upande wa jinai, mambo yanakuwa mazito zaidi, maana hapo mtu anaweza kufungwa maisha. Mwizi amevunja nyumba yako. Jambo la kwanza tunalofanya ni kujaza majirani thelathini ndani ya chumba, kila mtu ashike kitasa aone kilivyovunjwa, kisha mama anafagia vioo. Polisi wakifika wanakuta nyumba safi. Funga mlango, zuia watu, usiguse, ngoja. Na ukimtambua mtu, mtaje mapema kwa mtu wa kwanza unayemwona, iwe jirani, iwe mjumbe, iwe askari. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema kunaongeza uzito wa maneno ya shahidi. Na tangu uamuzi wake maarufu wa mwaka 1980 kuhusu utambuzi wa macho, mahakama hupima palikuwa na mwanga gani, umbali gani, ulimtazama kwa muda gani, na kama ulikuwa unamjua kabla. Basi yaandike haya usiku uleule, kabla hujaanza kusimuliana na wenzako na kumbukumbu zenu kuchanganyika.

Kwa aliyebakwa, ushauri huu ni mgumu kuufuata, nami nausema kwa unyenyekevu. Mwili unataka kuoga. Akiweza, asioge kwanza wala asifue nguo. Apelekwe hospitali na polisi siku hiyohiyo, apate matibabu, na ile fomu ya polisi namba 3, maarufu PF3, ijazwe na daktari. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwenye kitambaa safi kikavu. Katika mfuko wa plastiki huvunda, na kinachotafutwa huharibika. Lakini ikiwa ameshaoga, asikate tamaa, wala asilaumiwe na mtu. Mahakama ya Rufani katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 2006 ilisema kuwa ushahidi wa kweli wa kosa hilo unatoka kwa aliyetendewa mwenyewe.

Kielelezo kikishatoka mikononi mwako kikaenda polisi, safari yake ndiyo kwanza inaanza. Katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba lazima iwepo njia ya maandishi inayoonyesha kwa mfuatano nani alikikamata kitu, nani alikitunza, nani alikihamisha, nani alikichunguza, na mwisho wake ulikuwa nini. Baadaye mahakama ikafafanua kuwa kwa vitu visivyobadilishwa kwa urahisi, ukali huo unaweza kupungua. Lakini kwa unga wa dawa za kulevya, kwa mfano, ambao unaweza kubadilishwa na unga wa muhogo pasipo mtu kujua, pengo la siku moja katika maandishi hayo linaweza kumwachia huru mhalifu, au kumfunga asiye na hatia. Kwa hiyo unapokabidhi kitu polisi, omba kiorodheshwe, tia saini, na kumbuka alama zake: namba, rangi, kovu, mkwaruzo. Anayesema "redio ile ni yangu kwa sababu ni nyeusi" hajasema kitu. Anayesema kitasa chake cha kushoto kilivunjika, akakifunga kwa uzi mwekundu, huyo amesema.

Muda nao haumngoji mtu. Madai ya mkataba yana miaka 6, madai ya madhara kama ajali yana miaka 3, kudai ardhi ni miaka 12. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi anapaswa kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku 30 tu! Wengi humaliza siku hizo wakiombewa na wazee kwa mwajiri, na barua ya kuachishwa iko mfukoni inachakaa kwa jasho.

Jambo la mwisho ni uaminifu. Kutunza ushahidi si kutunza ule unaokufaa tu. Kughushi hati au kuharibu kielelezo ni kosa la jinai, na mahakama ikikukamata na uongo mmoja, hata ukweli wako kumi hautaaminiwa tena. Hata ANC hawakuwa malaika. Mwaka 1993 tume iliyoongozwa na Dakta Sam Motsuenyane, tume waliyoiunda wenyewe, ilisikiliza malalamiko ya watu walioteswa katika kambi za chama hicho uhamishoni, ikaeleza hadharani kwamba ni kweli waliteswa. Yaliwauma. Lakini Tume ya Ukweli ilipoanza kazi mwaka 1996, huku kulikuwa na ripoti ya kusomwa, na kule kulikuwa na majivu.

Ndugu msikilizaji, utasema mambo haya ni ya mawakili. La hasha. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo hati yako utaielewa na hukumu yako utaielewa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaoweza kukushauri bila malipo ikiwa huna uwezo. Lakini hakuna msaidizi atakayekuja nyumbani kwako kukuwekea risiti ya miaka mitano iliyopita.

Kwa hiyo leo jioni, ukitoka kazini, fungua lile sanduku. Tazama hati ya kiwanja iko wapi, barua ya ajira iko wapi, vyeti vya watoto viko wapi. Andika kwenye karatasi moja mashahidi wa kila jambo ni nani na wanapatikana wapi. Mwonyeshe mkeo au mumeo, kwa sababu na wewe ni shahidi, na shahidi naye hufa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kwamba mwenye haki asiye na daftari, siku ya kesi hutoka mahakamani kama mimi nilivyotoka kwenye ile nyumba, godoro kichwani.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.